Mpira Hufa Kiangazi: Waipa za Magari ya Uvira

Mvua ya kwanza ya Septemba ikishuka kutoka milima ya Mitumba, magaraji ya mtaa wa Kimanga, hapa Uvira, hupata wateja ambao hawajaonekana tangu Mei. Shida yao ni moja: waipa inapita lakini haifuti. Maji na vumbi vinageuka tope jembamba, michirizi inakatiza palepale dereva anapotazama, na katika baadhi ya magari unasikika ule mkwaruzo unaomfanya abiria akunje uso. Dereva huilaumu mvua, au humlaumu aliyemuuzia. Nionavyo mimi, lawama hiyo haipati mwenyewe. Waipa za Uvira haziuawi na mvua. Zinauawa na miezi mitatu minne ya jua na vumbi, wakati hakuna anayezikumbuka. Mvua inakuja tu kutoa taarifa ya msiba.

Kwa hiyo swali linaloulizwa kwanza dukani, "waipa gani nzuri?", mimi ningeliweka la tatu. La kwanza ni ubadilishe lini. La pili ni ubadilishe kitu gani hasa, maana waipa si kitu kimoja. Aina na jina la kampuni vinafuata baada ya hapo, na mara nyingi uzito wake ni mdogo kuliko bei inavyotaka tuamini.

Fungua boneti ya Probox, gari ambalo Toyota ilianza kuliuza mwaka 2002 na ambalo leo limeizoea njia ya Uvira na Kamanyola kuliko wengi wetu. Chini ya kioo cha mbele kuna mota ya umeme wa volti 12 (kwenye Fuso ni 24), vyuma vichache vinavyosukumana, na mikono miwili inayotokeza nje. Kila mkono una springi inayoukandamiza kwenye kioo. Kwenye ncha ya mkono imeshikizwa fremu, na ndani ya fremu umechomekwa mpira, au kauchu kama mafundi wanavyouita hapa. Huo ndio wenye kazi. Vingine vyote vinausindikiza.

Ukingo wa mpira unaogusa kioo haufiki unene wa milimita moja, na juu yake kuna shingo laini. Waipa ikienda kulia, mpira hulala kushoto. Ikifika mwisho wa safari yake, shingo inapinduka na mpira unalalia upande wa pili, ili kila mara ukingo uburutwe nyuma ya shingo, usitangulizwe mbele. Kupinduka huko hutokea mara mbili kwa kila mzunguko. Waipa ikiwashwa kwa kasi ya juu hupiga mizunguko kama 60 kwa dakika, kwa hiyo katika saa moja ya mvua nzito mpira umepinduka zaidi ya mara 7,000. Mpira laini huifanya kazi hiyo bila kelele. Mpira uliokauka hukataa kupinduka, au hupinduka kwa kuruka, na kule kuruka ndiko kunakosikika kama mlio wa kugonga.

Kinachoukausha ni jua na hewa yenyewe. Mpira wa asili, hata ukiwa umetibiwa kiwandani na kupakwa grafaiti ili uteleze, huliwa polepole na miale ya jua na gesi ya ozoni. Uso wake hugumuka kwanza, halafu nyufa ndogo zinaanza pembeni. Uvira iko chini kidogo ya nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta, kando ya ziwa lililo kama mita 770 juu ya bahari, na kuanzia Juni anga haina wingu la kutegemea. Gari la kazi halina kibanda. Linashinda juani likingoja abiria, kioo kinachomeka, na mpira umelala juu yake ukikandamizwa na springi upande mmoja, siku baada ya siku, bila kusogezwa. Hapo ndipo linapotokea jambo ambalo madereva wengi hawalitambui: mpira unagumuka ukiwa umelala. Septemba ikifika, waipa inafuta vizuri ikipanda na kurukaruka ikishuka, au kinyume chake. Fundi anaweza kuhangaika na mota, hali ugonjwa uko kwenye shingo ya mpira iliyosahau kupinduka.

Vumbi nalo. Barabara ya taifa namba 5, kutoka Uvira kupanda bonde la Ruzizi kupitia Kiliba, Sange, Luberizi na Luvungi, au kushuka pwani kupitia Makobola, Swima na Mboko hadi Baraka, humwagia gari mchanga mchana kutwa wakati wa kiangazi. Ndani ya mchanga huo kuna punje za madini ya quartz, nazo ni ngumu kuliko kioo. Dereva akiona kioo kimechafuka anawasha waipa kavukavu apate pa kuonea. Ni kosa la sekunde mbili lenye gharama ya miaka: punje zilizonasa chini ya mpira zinachora kioo kwa umbo la upinde, na mchoro huo hautoki kwa sabuni wala kwa mpira mpya. Mchana huuoni sana. Usiku, lori linapokuja mbele na taa kali, kila mkwaruzo unashika mwanga, na kioo kizima kinageuka pazia jeupe.

Kuna adui wa tatu ambaye ni wa kwetu hasa, na sijaona akitajwa kwenye karatasi yoyote inayokuja ndani ya boksi la waipa. Magari mengi ya Uvira huoshwa ufukweni. Maji ya Tanganyika ni matamu kwa mvuvi na kwa samaki, lakini yana madini mengi, na kipimo chake cha pH kinakaribia 9. Gari likioshwa kwa maji hayo na kuachwa likaukie juani, matone yanaacha madoa meupe kwenye kioo. Pitisha ukucha juu yake na utasikia yanavyokwaruza. Mpira mpya ukipita juu ya madoa hayo unasagwa kama unapita kwenye msasa, na mwenye gari anarudi dukani baada ya wiki chache kusema ameuziwa takataka. Dawa haina gharama: limau au siki kwenye kitambaa, sugua, kisha suuza kwa maji ya mvua au ya bomba na ukaushe kwa kitambaa badala ya kuliachia jua.

Kabla ya kununua chochote, basi, osha kioo. Halafu lowesha kitambaa safi, ukibane kwenye ukingo wa mpira na ukivute kutoka ncha hadi ncha, mara kadhaa, mpaka kiache kutoka cheusi. Waipa kadhaa zilizohesabiwa zimekufa hufufuka hapo. Zisipofufuka, namna zinavyokosea itakuambia pa kutafuta. Mchirizi mmoja mwembamba unaorudi palepale ni uchafu uliobaki au mpira uliochanika sehemu hiyo. Ukanda mpana usiofutwa kabisa, hasa katikati au kwenye ncha, ni fremu iliyopinda au springi ya mkono iliyochoka. Kuruka upande mmoja tu ni mpira uliogumukia upande au mkono uliopindika, na mkono hupindika kirahisi kwa mikono ya waosha magari. Kioo kizima kikibaki na utando wa mafuta, angalia kioo kwanza: moshi wa malori ya mazutu (dizeli) na nta za kung'arishia gari huacha ngozi ambayo mpira wowote, hata wa bei kubwa, utaipaka tu huku na huku.

Jambo linalowapotezea watu pesa zaidi ni kutupa fremu nzima kwa ajili ya mpira. Nilisimama kwenye garaji moja ya kando ya barabara hapa Kimanga wakati dereva wa Probox alipofika akitaka esuiglasi, yaani waipa, mbili mpya. Fundi aliinua mkono wa waipa, akatandika kwanza kipande cha gunia juu ya kioo, akapitisha kidole gumba kwenye mpira.

"Yaya, ni kauchu tu ndiyo ilikufa. Chuma iko muzima."

"Kauchu peke yake itashika?"

"Itashika, yaya. Ngoja uone."

Lile gunia nalitaja kwa makusudi. Waipa ikishatolewa, mkono unabaki chuma kitupu kilichovutwa na springi; ukikuponyoka unapiga kioo kwa ncha, na ufa unaoanzia pale chini hautibiki. Parabrizi (kioo cha mbele) ya Probox, hata ile iliyotolewa kwenye gari bovu, inagharimu mara nyingi zaidi ya mpira, na kuisafirisha salama juu ya barabara zetu ni habari nyingine.

Akabonyeza kiulimi cha plastiki kinachoshika ndoano ya mkono, akaisukuma fremu kuelekea shina la mkono, ikachomoka. Magari mengi ya Kijapani yana ndoano ya namna hiyo, iliyokunjwa kama ile ya kuvulia samaki, na ndiyo maana waipa za aina nyingi hukubali kwenye Toyota zetu bila maneno mengi. Kisha akatafuta ncha ya mpira yenye vishimo viwili ambamo kucha za mwisho za fremu hujifungia, akauvuta kwa nguvu mpaka kucha zikaachia, akauburuta mpira wote nje. Pembeni mwake zilitoka tepe mbili za chuma, nyembamba kama utepe wa saa. Hizi hazitupwi. Mipira mingi ya kubadilishia huuzwa bila tepe, na bila tepe mpira unalegea kama tambi. Akazifuta kutu, akaangalia zimejikunja upande gani, akazirudisha kwenye mifereji ya mpira mpya zikiwa zinatazamana na mkunjo wa kioo, meno yake yakikaa kwenye vinundu vya mpira.

Kilichobaki kilitaka subira. Mpira unapitishwa kwenye kucha moja moja, kuanzia ncha isiyo na kufuli. Kucha moja ikirukwa, mpira unaning'inia hapo, na chuma kinaanza kuchora kioo kabla dereva hajafika Mulongwe. Mpira ulikuwa mrefu kuliko fremu; akaukata kwa wembe upande usio na kufuli, akaacha kipande kidogo kitokeze nje ya kucha ya mwisho. Akamwagia kioo maji, akawasha. Haukutoa sauti. Dereva akalipa, akauliza kama upande wa abiria nao ungefaa kubadilishwa mpira tu. Ulifaa.

Japani, magari haya yanakotoka, mpira wa kubadilishia ni bidhaa ya kawaida inayouzwa peke yake, kwa urefu na kwa upana wa mgongo: kuna wa milimita 6, kuna wa milimita 8, na vipimo vingine. Kwa hiyo usiende dukani mikono mitupu. Beba mpira wa zamani na uulinganishe mgongo kwa mgongo. Ukizidi kidogo hauingii kwenye kucha, ukipungua unachezacheza na kugonga. Kama ni lazima ununue waipa nzima, pima kwa utepe wa fundi cherehani, kila upande peke yake, maana katika magari mengi upande wa dereva ni mrefu kuliko wa abiria. Vipimo vya boksi huandikwa kwa inchi au milimita: 14 ni 350, 16 ni 400, 18 ni 450, 20 ni 500, 22 ni 550. Usijaribu kujiongezea. Waipa iliyozidi kwa inchi mbili inagonga mwenzake katikati ya kioo au inapiga nguzo ya pembeni, na mzigo wote huo unakwenda kwenye mota na vyuma vyake.

Sasa aina. Kuna fremu ya chuma yenye viungo, ile ya siku zote, na kuna ya bapa isiyo na viungo, ambayo ndani yake kuna chuma cha springi kilichokunjwa kufuata kioo. Bosch ya Ujerumani, iliyokuwa imeanza kuuza waipa za umeme mwaka 1926, iliingiza bapa zake sokoni mwaka 1999, na tangu hapo kila kiwanda kina za kwake. Faida yake ni ya kweli: haina viungo vya kushika kutu, na upepo wa mwendo mkali hauinyanyui. Lakini uliza ni wapi kati ya Uvira na Sange utakimbia kilomita 120 kwa saa ili upepo huo uwe hoja. Na kasoro yake hujitokeza zaidi kwetu. Chuma cha bapa kimekunjwa kwa kioo fulani. Ukikifunga kwenye kioo kilichonyooka, kama cha Land Cruiser za familia ya 70 zinazopanda milimani, ncha zinakandamiza sana na katikati panabaki pepesi. Matokeo yake ni ukanda mchafu mbele ya macho ya dereva. Isitoshe, bapa nyingi za bei nafuu hazikutengenezwa zibadilishwe mpira. Ukifa, unatupa zote.

Kwa hiyo kwa gari la kazi la hapa, mimi nachagua fremu ya chuma yenye viungo, na mpira unaobadilishwa. Viungo vyake vinataka kuangaliwa: bonde la Ruzizi huvijaza vumbi mpaka vinakakamaa, na fremu iliyokakamaa haifuati tena mkunjo wa kioo. Itikise mkononi. Kila kiungo kicheze kwa wepesi, lakini kisilegee. Mwenye uwezo anaweza kutafuta mpira wa silikoni, unaovumilia jua kuliko wa kawaida, ila ajue hauna uvumilivu na kioo kichafu. Utampigia kelele mpaka akisafishe.

Majina makubwa, kama Denso na NWB za Japani, Bosch, Valeo ya Ufaransa au Trico ya Marekani, ni mazuri pale kilichomo ndani ya boksi ni chao kweli. Trico ilianzishwa Buffalo, jimbo la New York, mwaka 1917 na John Oishei, baada ya kumgonga mpanda baiskeli usiku wa mvua kwa sababu hakuona mbele. Miaka 14 kabla yake, Mary Anderson wa Alabama alikuwa ameshapata hataza ya waipa ya kuvutwa kwa mkono na hakupata mnunuzi. Lakini boksi lenye jina hukuambia tu kwamba mtu alitumia pesa kuchapa boksi. Utoe mpira nje. Uinue usawa wa jicho uutazame kwa urefu, ukiuelekeza kwenye mwanga: ukingo uwe umenyooka, bila mawimbi wala nyuzi za kiwandani. Ulaze kwa kidole uuachie. Urudi mara moja. Gusa kucha za fremu kama hazina makali. Na tazama waipa hiyo ilikuwa wapi. Zile zinazoning'inizwa nje ya duka ili mpita njia azione zimekula jua lilelile linaloua za magarini. Omba ya ndani ya katoni.

Umri wa mzigo una maana kubwa huku kuliko unavyodhaniwa. Piesi (vipuri) za magari hutufikia ama kwa Dar es Salaam, Kigoma na mashua hadi bandari ya Kalundu, ama kwa Bujumbura na mpaka wa Gatumba na Kavimvira. Njia zote mbili huzibika, kwa vita au kwa amri, na mpaka ukifungwa wenye maduka huuza kilichobaki. Mpira uliokaa miaka miwili chini ya bati la moto haujafuta hata tone moja, lakini si mpya.

Ubadilishe lini? Wenye viwanda husema kila miezi sita hadi kumi na miwili. Kwa Uvira ningesema mwisho wa Agosti, kabla ya wingu la kwanza, na mpira huohuo utunzwe ufike Mei. Kubadilisha Mei kwa sababu mvua "imeumaliza" ni kuupeleka mpira mpya moja kwa moja juani ukakauke bila kazi. Kiangazi chote, kazi iliyopo ni ndogo: osha kioo kwa maji mengi, futa ukingo wa mpira, na mara moja kwa wiki zungusha waipa kioo kikiwa kimelowa, ili mpira usizoee kulala upande mmoja. Tangi la maji ya kuoshea kioo nalo lijazwe, si kwa maji ya ziwa, na vitundu vyake vizibuliwe kwa sindano. Tangi hilo katika magari mengi ni kavu tangu gari lishuke melini, na ndilo ambalo lingezuia dereva kufuta vumbi kavukavu.

Petroli, mazutu na mafuta ya taa yasiguse mpira. Huufanya ung'ae kwa saa moja, kisha huuvimbisha na kuuoza. Kuupiga msasa laini kunaondoa tabaka lililogumuka na kunaweza kukufikisha nyumbani, lakini pamoja nalo kunaondoa ulaini uliowekwa kiwandani; kesho utakuwa umeharibika zaidi. Madereva wa zamani husugua kioo kwa kiazi kilichokatwa au tumbaku ili maji yatawanyike badala ya kukaa matone matone. Husaidia kwa mwendo mfupi katika mvua nyepesi, na ni maarifa ya kuheshimu kwa aliyekwama. Anayeyafanya desturi anajidanganya.

Kuna pia habari ya usukani. Kongo tunaendesha kulia, lakini gari nyingi zinazotufikia kupitia Dar es Salaam zina usukani wa kulia, zilivyotoka Japani. Waipa zake zimepangwa kwa dereva wa kulia: ndefu iko upande wake na inafuta mpaka karibu na nguzo, na kona ya juu isiyofutwa imeachiwa abiria wa kushoto. Wapo wanaouhamisha usukani kwenda kushoto. Mafundi huhamisha pedali, dashibodi, hata kifuko cha hewa wakikiweza, ila mfumo wa waipa mara nyingi hubaki ulivyokuwa. Dereva mpya wa kushoto anakaa palepale nyuma ya kona isiyofutwa. Hakuna mpira utakaomtibu. Akinunua gari la namna hiyo, alijaribu kwa ndoo ya maji kabla ya kulipa, akiwa ameketi kwenye kiti, si akiwa amesimama nje.

Sheria haikuacha jambo hili. Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka gari lenye kioo cha mbele liwe na waipa walau moja, imara, inayofanya kazi bila dereva kuishughulikia muda wote. Kipengele hicho cha mwisho kingeweza kuwa kimeandikwa kwa kuyafikiria malori ambayo mota imekufa, na kamba imefungwa kwenye mikono ya waipa ikapitishwa madirishani, dereva akivuta huku na konvoyeri, msaidizi wake, akivuta kule. Inafuta, siwezi kukataa. Kongo ina kanuni yake ya barabara tangu sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na polisi wa rulaji (wa barabarani) wanaijua. Kwa ninavyoona, wanaikumbuka zaidi karatasi kuliko waipa.

Mahali ambapo mpira hupimwa kwa haki ni miteremko ya Ngomo, kati ya Kamanyola na Nya-Ngezi, kwenye njia ya Bukavu isiyopitia Rwanda. Unapanda kutoka joto la bonde na kuingia kwenye ukungu na manyunyu, ukingo wa barabara uko hatua moja, na lori lililobeba zaidi ya uwezo wake linateremka mbele yako. Manyunyu huchosha mpira kuliko mvua kubwa, kwa sababu maji hayatoshi kuulainishia njia. Bora kuiwasha waipa na kuizima, au kutumia ile swichi ya kufuta kwa vituo, kuliko kuuacha mpira ukisugua kioo kinachokaribia kukauka. Na nusu ya ukungu unaolalamikiwa huko juu uko ndani ya gari. Watu sita wanapumua, madirisha yamefungwa, na dereva anaongeza kasi ya waipa huku kilichoziba kiko upande wake wa kioo. Feni ielekezwe kwenye kioo, dirisha lifunguliwe kidogo.

Aprili ni mtihani wa namna nyingine. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipovunja kingo zake na kuua makumi ya watu hapa mjini, hapakuwa na waipa duniani ya kuikabili mvua ile. Waipa ina kikomo chake. Maji yakija kwa wingi kuliko inavyoweza kuyaondoa, mpira mpya na mpira mzee vinafanana, na la kufanya ni kutoka barabarani, kuwasha taa za hatari na kungoja, mbali na daraja na mbali na mkondo wa mto.

Ukiwa na pesa ya mpira mmoja tu, na wengi wetu Septemba ndivyo tulivyo kwa sababu shule nazo zinafunguliwa, funga huo mpya upande wa dereva. Usiuache upande wa abiria mtupu kwa kudhani haufai kitu. Chuma bila mpira kitachora kioo mara tu utakapowasha, kwa maana mikono yote miwili inaendeshwa na mota moja. Ukate mpira mzee wa dereva, ambao mara nyingi umeharibika zaidi upande wa ncha, utoe kipande kizima kinachotosha fremu fupi ya abiria. Waipa ya nyuma, kama gari linayo, iko kwenye kioo kinachotazama mzigo wa ndagala na magunia. Hiyo inaweza kungoja mwakani.